Nairobi: Mikahawa Imerudi, Saa Saba ya Mchana Haijarudi

Katika hesabu za Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, sekta ya malazi na huduma za chakula nchini Kenya ilishuka kwa karibu asilimia 48 mwaka 2020, kisha ikapanda kwa zaidi ya asilimia 52 mwaka uliofuata. Wengi walizisoma takwimu hizo mbili kama habari ya mgonjwa aliyeanguka, akainuka, tena akasimama juu kidogo ya pale alipokuwa. Hesabu yenyewe haikubali. Mkahawa uliokuwa ukiuza sahani 100 kwa siku, ukisha kubakiwa na sahani 52, ongezeko la asilimia 52 linaufikisha kwenye sahani 79 tu, na hapo itaulazimu upande tena kwa takriban asilimia 26, kama sekta hiyo ilivyofanya mwaka 2022, ndipo urejee ulipokuwa kabla ya Machi 2020. Miaka miwili iliyoitwa ya ukuaji wa kasi ilikuwa, kwa kweli, miaka miwili ya kufukia shimo.

Hata hivyo, takwimu hizo zinachanganya hoteli za ufuo wa Diani, kambi za watalii za Maasai Mara na chumba chenye meza nne kinachouza githeri karibu na soko la Gikomba. Haziwezi kumwambia mtu kama jiji la Nairobi limerudi kula nje. Wanaotaka jibu la haraka huenda Westlands Ijumaa usiku, wakaona magari yamekosa pa kuegeshwa na wahudumu wakikimbia na sinia, wakahitimisha kwamba mambo yamekwisha kuwa sawa. Mimi napendelea kipimo kingine, kisicho na mvuto wa picha: saa saba mchana, siku ya Jumanne, katikati ya jiji, kati ya barabara ya Moi na mtaa wa Koinange. Kwa kipimo hicho mikahawa imerudi, lakini mlo uliokuwa ukiilisha haujarudi, na sidhani kama utarudi.

Lazima kwanza nieleze neno. Mkenya anaposema anakwenda hotelini kula, mara nyingi hana maana ya jengo lenye vyumba vya kulala. Ana maana ya mahali penye meza za plastiki, ubao wa bei ukutani na chai iliyopikwa pamoja na maziwa, yaani kile ambacho jirani zetu wa Tanzania wangekiita mgahawa. Neno mkahawa tumelipandisha cheo, tukaliachia zile nyumba zenye kahawa ya mashine na viti vya mbao, ambazo zilianza kuenea baada ya Java House kufungua duka lake la kwanza Adams Arcade mwaka 1999. Katikati ya jiji vyote viwili viliishi kwa kutegemea saa ile ile. Kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, karani wa benki, mwanafunzi wa chuo, wakili aliyeshuka kutoka mahakama za Milimani na mfanyabiashara aliyekuja kutoka Nyeri kufuatilia hati ya shamba walipanga foleni kwenye ngazi. Walikula samaki kwa ugali kwa K'Osewe, au kuku na chipsi katika maduka ya barabara ya Moi, au chapati kwa maharagwe katika vyumba vya chini ya ardhi ambavyo jina lake hakuna aliyelijua.

Mpangilio wa fedha ulikuwa rahisi, na kila aliyewahi kuendesha biashara hiyo anaujua: mlo wa mchana ulilipa kodi ya nyumba, mishahara na umeme, kiamshakinywa na vinywaji vya jioni ndivyo vilivyokuwa faida. Mlo huo haukuwa na faida kubwa kwa sahani moja, lakini ulikuja kila siku ya kazi, kwa idadi ile ile, mvua inyeshe isinyeshe. Mpishi alijua Jumatatu atahitaji kilo ngapi za mchele, na mwenye jumba alijua atalipwa lini. Uhakika huo ulikuwa mtaji ambao haukuandikwa katika vitabu vyovyote.

Kisha ukaja Machi 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13, mikahawa ikaamriwa kuuza chakula cha kubeba tu, na tarehe 27 kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 27 Aprili, mikahawa iliruhusiwa kufunguliwa tena kwa masharti: wafanyakazi wapimwe, wateja wakae mbalimbali, kila anayeingia apimwe joto mlangoni, na kazi ifungwe kufikia saa kumi alasiri. Ukitazama saa hizo vizuri utaona jambo la ajabu. Serikali iliruhusu mikahawa kuuza mlo ule ule wa mchana, wakati ule ule ambapo waajiri walikuwa wamewaambia walaji wake wabaki nyumbani, na ikaifungia jioni, wakati pekee ambao watu waliobaki nyumbani mitaani kwao wangeweza kutoka kula. Meza zikafunguliwa kwa wateja ambao hawakuwapo.

Yaliyofuata yalikuwa na vichekesho vyake. Kwa kuwa baa zilikuwa zimefungwa na mikahawa iko wazi, baa nyingi zilijigundua ghafla kuwa ni mikahawa. Palipokuwa na kreti za bia pakawekwa jiko la kukaangia soseji, na soseji mbili zilizopoa mezani zikawa hati ya kumruhusu mtu kunywa hadi wakati wa kafyu. Rais Uhuru Kenyatta alikomesha mchezo huo tarehe 27 Julai 2020 kwa kupiga marufuku uuzaji wa pombe katika mikahawa yote, na hapo walioumia zaidi walikuwa wale waliokuwa mikahawa tangu mwanzo, ambao divai na bia ndizo zilizokuwa zikiziba pengo la mchana. Pombe iliruhusiwa tena mwishoni mwa Septemba. Machi 2021 Nairobi na kaunti nyingine nne zikafungwa upya, na mikahawa ikarudishwa kwenye chakula cha kubeba hadi Mei. Kafyu yenyewe ilifutwa tarehe 20 Oktoba 2021, baada ya karibu miezi 19.

Naeleza ratiba hii kwa kirefu kwa sababu watu hukumbuka ugonjwa wakasahau kufungua na kufunga. Mwenye mkahawa anaweza kustahimili mwezi mmoja wa kufungwa kabisa, kwa kuwa chakula hakinunuliwi na hasara yake inahesabika. Kinachommaliza ni kuajiri upya, kujaza friji, kulipa mtu wa kupima joto, kisha kuamriwa Ijumaa kwamba kuanzia usiku huo hakuna kukaa mezani. Kila duru ya namna hiyo ilikula akiba, na akiba ndiyo iliyokosekana wakati mambo mengine, yasiyohusiana na virusi, yalipofika.

Wakati huo huo walaji wa mchana walikuwa wakihama. Nisiseme kwamba janga ndilo lililoanzisha uhamaji huo, kwa kuwa mashirika yalikuwa yakipanda Upper Hill na kuvuka kwenda Westlands tangu miaka mingi nyuma. Janga lilifanya kwa miaka miwili jambo ambalo lingechukua kumi. Ofisi zilizogundua kwamba nusu ya wafanyakazi wanaweza kufanya kazi kutoka nyumbani, Ruaka au Syokimau, ziliacha ghorofa nzima katikati ya jiji, na zile zilizobaki zikaanza kuwaita watu siku tatu kwa wiki. Hoteli kubwa nazo, ambazo wageni na wafanyakazi wake walikuwa sehemu ya pilikapilika za mchana, ziliondoka: InterContinental ilitangaza kufunga mwaka 2020, na Hilton, ule mnara wa duara uliokuwa alama ya jiji tangu 1969, ukafunga milango mwishoni mwa 2022. Kisha yakaja maandamano ya Juni na Julai 2024, yaliyofanyika hasa Jumanne na Alhamisi, ambapo maduka yaliteremsha vyuma vyake kabla ya saa nne asubuhi. Mfanyakazi anayekuja mjini siku tatu, mbili zikawa za mabomu ya machozi, hana sababu kubwa ya kuzoea tena hoteli fulani.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu, hata hivyo, hauko katikati ya jiji bali Eastleigh. Mtaa huo uliadhibiwa kuliko mwingine wowote Nairobi: tarehe 6 Mei 2020 serikali ilizuia watu kuingia na kutoka humo, pamoja na Mji wa Kale wa Mombasa, na ikafunga maduka makubwa na sehemu zote za kulia chakula. Mtu angetarajia mikahawa ya Eastleigh iwe ya mwisho kupona. Nilivyoona mimi, ilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Kizuizi kilipoondolewa mwezi mmoja baadaye, wali kwa nyama ya mbuzi, ndizi kando ya sahani, pasta, anjera na chai ya maziwa ya ngamia vilirudi mezani kana kwamba vilikuwa vimefunikwa tu. Sababu haikuwa ujasiri wa pekee wala siri ya mapishi. Mfanyabiashara wa nguo Eastleigh hawezi kuuza doti ya kitambaa akiwa kitandani. Ni lazima awe dukani, mteja wake awe mbele yake, na saa saba wote wawili wana njaa. Palipobaki na kazi ya kusimama, mlo wa mchana ulibaki.

Walaji waliobaki nyumbani nao walianza kula mitaani kwao. Kilimani, Lavington, South B na barabara zinazotoka nje ya jiji zimejaa sehemu mpya ambazo mwaka 2019 zilikuwa nyumba za kuishi au yadi za magari. Ukienda Jumapili utakuta familia tatu zikisubiri meza, watoto wakicheza kwenye nyasi bandia, na bei za menyu zisizotaka kutazamwa mara mbili. Kuna wanaoutaja wingi huo kama ushahidi wa kupona, na siwakatalii kwamba jiji limepata sehemu nzuri za kulia kuliko zamani; nami hula huko nikialikwa. Lakini mkahawa wa mtaani hujaa kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Siku nne zilizobaki mpishi anapangusa kaunta, huku kodi ikihesabiwa kwa siku saba. Mwenye biashara analazimika kupata katika siku tatu kile ambacho mwenzake wa zamani wa mjini alikipata katika tano au sita, na njia mbili za wazi za kufanya hivyo ni kupandisha bei na kumlipa mfanyakazi kwa siku anazohitajika tu.

Njia ya tatu ilidhaniwa kuwa simu. Wakati wa kafyu, bodaboda aliyebeba sanduku la rangi mgongoni alikuwa mmoja wa watu wachache walioonekana kuhangaika barabarani jioni, na ilionekana kama kwamba yeye ndiye mustakabali. Kampuni za kuagizia chakula kwa simu, Uber Eats na Glovo, zilikuwa zimekwisha kuingia kabla ya janga; Bolt Food ikaja baadaye. Kwa mkahawa uliofungwa, agizo la simu lilikuwa kamba ya kuokolea. Kwa mkahawa ulio wazi, agizo hilo hilo ni mteja ghali, kwa kuwa kamisheni inaweza kufikia robo ya bei au zaidi, na juu yake kuna vibebeo, punguzo la bei ambalo mkahawa huombwa kuchangia, na chipsi zinazofika zimelegea halafu lawama zikaandikwa kwa jina la mpishi. Wengine wamejibu kwa kuweka bei mbili, ya mezani na ya simu, na mteja mwerevu amekwisha kugundua.

Kisa cha Kune Food kinastahili kukumbukwa hapa kwa sababu kinaeleza jiji kuliko kinavyoieleza kampuni. Ilianzishwa na Mfaransa aliyesema kwamba alipofika Nairobi hakupata chakula kizuri kwa bei nafuu, kauli iliyowachekesha na kuwakera Wakenya kwa kiwango kile kile. Mwaka 2021 ilipata dola milioni moja za wawekezaji, ikajenga jiko kubwa la kupikia vyakula vya kusambaza kwa bei ya karibu dola tatu. Juni 2022 ilifunga, ikikiri kwamba kwa bei hiyo haikuweza kujiendesha. Dola tatu wakati huo zilikuwa takriban shilingi 350. Kwa fedha hizo mtu angeweza kula kibandani mara mbili au tatu, ugali, sukuma na matumbo, akabakiwa na nauli ya kurudi ofisini. Hata kampuni kubwa zaidi hazikupona: Jumia ilifunga huduma yake ya chakula, Kenya ikiwamo, mwishoni mwa 2023. Jiji hili linapenda sana kuletewa chakula, lakini halijakubali kulipa gharama halisi ya kuletewa.

Gharama zenyewe zilipanda kutoka pande zote kwa pamoja. Kodi ya ziada ya thamani, VAT, iliyopunguzwa hadi asilimia 14 wakati wa janga ilirejeshwa kuwa 16 Januari 2021. Gesi ya kupikia iliwekewa kodi hiyo Julai 2021, ikapunguziwa mwaka uliofuata, ikaondolewa kabisa mwaka 2023, yaani ilifika ikaondoka katika miaka ile ile ambayo jiko lilikuwa halina uwezo wa kuibeba. Vita vya Ukraine vilipandisha bei ya mafuta ya kupikia na unga wa ngano. Petroli ilipita shilingi 211 kwa lita jijini Septemba 2023, na dola ikafika shilingi 160 na ushei Januari 2024, jambo lililomgusa hata yule asiyeagiza chochote kutoka nje, kwa kuwa friji, mashine ya kahawa na vipuri vyake havitengenezwi Industrial Area. Hata viazi vilitukumbusha jinsi sahani yetu inavyotegemea meli: Januari 2022 KFC ilikosa chipsi kwa sababu shehena yake ilichelewa baharini, huku viazi vya Nyandarua vikiwa vimerundikwa kwenye magunia kando ya barabara.

Kuna wanaosema kwamba basi tuache kulitaja janga, kwa kuwa kinachoiumiza mikahawa leo ni kodi za serikali na bei. Naiona hoja hiyo, lakini siikubali yote. Biashara iliyoingia mwaka 2022 ikiwa na akiba ya miezi sita ilistahimili bei ya mafuta; ile iliyoingia ikidaiwa kodi ya nyumba ya 2020 haikuweza. Gharama ndizo zilizoangusha, lakini aliyeishiwa nguvu ndiye aliyeanguka.

Aliyelipa sehemu kubwa ya tofauti hii ni mfanyakazi, na kuhusu hili nina hasira zaidi kuliko makala ya uchambuzi inavyoruhusu. Kabla ya 2020 hoteli nyingi za mjini zilikuwa na wahudumu wa kudumu, watu waliojua mteja gani hataki chumvi. Wengi walipewa likizo bila malipo Machi mwaka huo, na hawakuitwa tena kwa masharti yale yale. Sasa mhudumu huitwa kwa ujumbe wa simu Alhamisi usiku, afanye Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, alipwe kwa siku. Makato ya lazima yameongeza kishawishi hicho: michango ya hifadhi ya jamii, NSSF, ilianza kupanda Februari 2023, ushuru wa kujenga nyumba nafuu wa asilimia 1.5 ya mshahara ukaja mwaka huo huo, mwajiri akitoa kiasi sawa na mfanyakazi, kisha bima mpya ya afya mwaka 2024. Michango hiyo ina hoja zake, lakini kila mmoja unafanya kibarua asiyeandikwa popote kuwa rahisi zaidi kuajiriwa. Na kibarua huyo bado anatakiwa awe na cheti cha afya cha mshika chakula, kinachohitaji kupimwa upya kila baada ya miezi sita, na mara nyingi hukilipia mwenyewe ili apate kazi ya siku tatu. Tunapohesabu mikahawa mipya iliyofunguliwa Kileleshwa, hatuhesabu ni watu wangapi kati ya waliomo wangeweza kuonyesha hati ya mshahara.

Kibanda ndicho kilichonufaika kimyakimya, ingawa kunufaika ni neno kubwa kwa mtu anayepikia kwenye uchochoro na kuhamishwa na askari wa kaunti. Hakina kodi ya mwenye jumba inayolingana na ya ghorofa, hakina kamisheni, na mteja hulipa kwa M-Pesa akiwa amesimama. Chapati iliyokuwa shilingi 10 imepanda, imepungua kipenyo, lakini bado mtu wa mshahara mdogo anaifikia. Karani aliyekuwa akipanga foleni kwenye ngazi za hoteli mwaka 2019, siku tatu anazokuja mjini, hula hapo au hubeba chakula kutoka nyumbani.

Hoteli niliyokuwa nikila mimi karibu na mtaa wa River Road ilikuwa na ghorofa mbili, ya chini ya wenye haraka na ya juu ya wenye mazungumzo. Mwenyewe aliirudisha ya chini mwaka 2021, akaisubiri ya juu mwaka mzima, kisha akaisalimisha kwa mwenye jumba. Imegawanywa kwa mbao na vioo kuwa vijiduka vya simu na viatu, kila kimoja kikiwa na upana wa mlango na nusu. Wauzaji humo hawawezi kuondoka mchana, kwa hiyo saa saba mama mmoja hupanda zile ngazi akiwa na ndoo mbili zilizofunikwa kwa kitambaa, moja ya wali na moja ya madondo, akapakua sahani mlango kwa mlango, kisha akashuka, akarudi kuzikusanya saa nane na nusu.